Uhuru na Mlinzi Wake: Marekani Baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe

Zamani, katika maduka ya pwani ya Afrika Mashariki na katika misafara iliyokwenda bara, nguo iliyotafutwa sana ilikuwa merikani. Ilikuwa nguo ngumu ya pamba, isiyotiwa rangi, iliyoletwa Unguja na merikebu za wafanya biashara wa mji wa Salem. Na jina lake latokana na jina la nchi ilikotoka, Marekani. Ilifumwa katika viwanda vya kaskazini ya nchi hiyo, lakini pamba yenyewe ililimwa kusini, na walioilima walikuwa watumwa, wana na wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari ya Atlantiki kwa nguvu. Kati ya mwaka wa 1861 na 1865 merikani iliadimika Unguja, kwa kuwa watu wa kaskazini na watu wa kusini walikuwa wakipigana wao kwa wao.

Somo hili halielezi mapigano hayo. Laeleza kazi iliyofuata baada ya vita kwisha, nayo haikuwa nyepesi kuliko vita: kuiunganisha tena nchi iliyopasuka, na kuwapa watu milioni nne waliokuwa mali ya wengine mahali pao katika taifa. Kazi hiyo ilidumu miaka kumi na miwili, tangu 1865 hata 1877, na Wamarekani huiita Ujenzi Mpya.

VITA NA MWISHO WAKE

Hesabu ya watu ya mwaka wa 1860 ilionyesha kwamba Marekani ilikuwa na watu wapatao milioni 31, na katika hao karibu milioni 4 walikuwa watumwa. Mtumwa hakuwa na haki ya kumiliki kitu, wala kuoa kwa ndoa iliyotambuliwa na sheria, wala kumzuia bwana wake asimwuze mtoto wake. Katika majimbo kadha ya kusini ilikuwa kosa hata kumfundisha mtumwa kusoma. Mwaka huo Abraham Lincoln alichaguliwa kuwa Rais, naye hakutaka utumwa uenezwe katika nchi mpya za magharibi. Majimbo kumi na moja ya kusini yakajitenga, na katika mwezi wa Aprili 1861 vita vikaanza katika bandari ya Charleston.

Mwanzoni Serikali Kuu ilipigana ili nchi isigawanyike tu. Walakini watumwa wenyewe walianza kuyakimbia mashamba na kuingia katika kambi za majeshi ya kaskazini, hata jambo la utumwa lisiweze kuepukwa tena. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza kwamba watumwa wote walio katika sehemu zilizoasi ni watu huru. Watu weusi wapatao 180,000 wakaingia katika jeshi la Serikali Kuu. Tarehe 9 Aprili 1865 Jemadari Robert E. Lee wa kusini alisalimu amri mbele ya Jemadari Ulysses S. Grant. Askari zaidi ya 600,000 wa pande zote mbili walikuwa wamekufa, wengi wao kwa maradhi. Siku tano baadaye Lincoln alipigwa risasi, akafa asubuhi yake, na Andrew Johnson, Makamu wake, akawa Rais.

Jambo moja lililotokea Texas lastahili kukumbukwa. Tangazo la uhuru lilitolewa mwanzo wa mwaka wa 1863, lakini katika jimbo hilo la mbali halikutekelezwa. Watumwa waliendelea kulima kama kawaida mpaka tarehe 19 Juni 1865, Jemadari Gordon Granger alipofika Galveston na askari wake, akaamuru lisomwe na kutiiwa. Miaka miwili na nusu uhuru ulikuwa umeandikwa, lakini haukuwa na mtu wa kuufikisha. Siku hiyo husherehekewa hata leo, na tangu 2021 ni sikukuu ya taifa zima.

ARDHI ILIYOTOLEWA NA KURUDISHWA

Watu walioachwa huru walitaka nini? Swali hilo waliulizwa wenyewe. Tarehe 12 Januari 1865, vita vikiwa bado havijaisha, Jemadari William T. Sherman na Waziri wa Vita, Edwin Stanton, waliwaita viongozi ishirini wa makanisa ya watu weusi katika mji wa Savannah. Msemaji wao alikuwa mchungaji Garrison Frazier, mzee wa miaka 67, aliyekuwa mtumwa karibu maisha yake yote, mpaka alipojinunua mwenyewe pamoja na mkewe kwa dola 1,000. Alijibu kwamba utumwa ni kuchukua kazi ya mtu mwingine bila ya ridhaa yake, na kwamba uhuru ni mtu kula matunda ya jasho lake. Alipoulizwa jinsi watu wake wawezavyo kujitegemea, alisema wapewe ardhi, wailime kwa mikono yao, na baadaye waweze kuinunua.

Siku nne baadaye Sherman alitoa amri. Visiwa na nchi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, zilizoachwa na wenye mashamba waliokimbia, zigawanywe kwa watu walioachwa huru, kila jamaa ipate ardhi isiyozidi eka 40. Hata katikati ya mwaka huo watu wapatao 40,000 walikuwa wamekwisha kukaa humo, wamejenga na kupanda.

Walakini Rais Johnson, aliyetaka kuyapatanisha majimbo ya kusini upesi, aliwasamehe wengi wa walioasi, na msamaha huo ukawarudishia mashamba yao. Katika mwezi wa Oktoba 1865 Jemadari Oliver Otis Howard alitumwa katika kisiwa cha Edisto kuwaambia wakulima kwamba ardhi itarudishwa kwa wenyewe wa zamani. Watu walikusanyika kanisani, wakamsikiliza kwa huzuni na hasira. Wakachagua watu watatu, wakamwandikia Rais. Waraka wao ulikuwa wa adabu lakini haukuficha neno: wao walikuwa waaminifu kwa Serikali sikuzote, na wale walioipiga vita Serikali ndio waliopewa ardhi, mtu asiye na ardhi atakuwaje huru, ikiwa atalazimika kumwomba bwana wake wa zamani mahali pa kujenga kibanda? Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni hili halikulipwa, na wengi wao wakafukuzwa.

Basi kulima kwa kugawana mazao kukaenea. Mwenye ardhi alitoa shamba, na mara nyingi mbegu na nyumbu wa kulimia. Mlimaji alitoa kazi, na wakati wa mavuno pamba iligawanywa, mara nyingi nusu kwa nusu. Kwa kuwa mlimaji hakuwa na fedha kabla ya mavuno, alikopa unga na nguo katika duka, akaweka rehani mazao yaliyokuwa bado shambani. Daftari alikuwa nalo mwenye duka au mwenye shamba, na mara nyingi mkopaji hakujua kusoma. Mwisho wa mwaka aliambiwa kwamba deni lake limepita fungu lake. Mtu huyo hakuuzwa tena mnadani, lakini kuondoka shambani hakuweza.

SHERIA TATU KUBWA

Katika mwezi wa Desemba 1865 Nyongeza ya 13 ya Katiba ilikamilishwa, nayo yakataza utumwa katika nchi nzima, isipokuwa kwa adhabu ya mtu aliyehukumiwa kwa kosa. Maneno hayo machache ya mwisho yaliacha mlango wazi, na wapo walioupitia. Majimbo ya kusini yalitunga sheria kwa watu weusi peke yao. Katika Mississippi kila mtu mweusi alitakiwa, kila mwanzo wa mwaka, awe na hati ya kuonyesha mahali anapofanya kazi, mfano wa kipande walichokijua wafanya kazi wa Kenya katika miaka ya 1920 na 1930. Aliyekutwa bila ya kazi alishtakiwa kwa uzururaji, akatozwa faini, na asiyeweza kuilipa alikodishwa kwa mtu atakayemlipia. Jimbo hilo lilimkataza pia kupanga shamba nje ya miji.

Watu wa kaskazini walipoona hayo, waliuliza kama jamaa zao walikufa bure. Kongresi, yaani Baraza la Kutunga Sheria la nchi nzima, ikapitisha Sheria ya Haki za Raia ya mwaka wa 1866, ingawa Rais Johnson aliikataa. Ikafuata Nyongeza ya 14, iliyokamilishwa mwaka wa 1868. Hii yasema kwamba kila aliyezaliwa Marekani chini ya sheria zake ni raia, na kwamba hakuna jimbo liwezalo kumnyima mtu uhai, uhuru au mali yake bila ya njia ya haki, wala kumnyima ulinzi wa sheria ulio sawa na wa wengine. Nyongeza ya 15, ya mwaka wa 1870, yakataza mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa alikuwa mtumwa. Wanawake, weusi kwa weupe, hawakutajwa. Nyongeza yao ilikuja mwaka wa 1920.

Kongresi haikuridhika na maandishi tu. Mwaka wa 1867 majimbo kumi ya kusini yaliwekwa chini ya majemadari katika sehemu tano, na kila jimbo likaamriwa kutunga katiba mpya, kwa wajumbe waliochaguliwa na wanaume wa rangi zote, kabla ya kurudishiwa viti vyake katika Kongresi.

WATU WALIOACHWA HURU WAFANYA KAZI

Watu wengi walidhani kwamba walioachwa huru watakaa wakingoja kulishwa. Jambo la kwanza walilolifanya wengi wao lilikuwa kutafuta jamaa zao. Wazazi walitembea majimbo mawili matatu wakiwauliza watoto waliouzwa. Wengine walitangaza katika magazeti majina ya mama na ndugu waliotengwa nao miaka mingi nyuma. Wake na waume walikwenda kuandikisha ndoa zao, ili zitambuliwe na sheria.

Jambo la pili lilikuwa shule. Kongresi ilikuwa imeunda Idara ya Watu Walioachwa Huru katika mwezi wa Machi 1865, na mkuu wake alikuwa yule Howard wa Edisto. Idara hiyo ilitoa chakula na dawa, ilisimamia mikataba ya kazi, na pamoja na makanisa ilisaidia kujenga shule. Babu na mjukuu waliketi katika ubao mmoja wakijifunza herufi. Vyuo vya Fisk (1866), Howard (1867) na Hampton (1868) vyatoka katika miaka hiyo. Mwanafunzi mmoja wa Hampton, Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa, aliongoza Chuo cha Tuskegee kilichoanzishwa mwaka wa 1881. Na mafundisho ya vyuo hivyo viwili, ya kuunganisha kusoma na kazi za mikono, ndiyo yaliyokuwa mfano wa Jeanes School iliyofunguliwa Kabete, Kenya, mwaka wa 1925.

Jambo la tatu lilikuwa kura. Hiram Revels wa Mississippi aliingia katika Seneti mwaka wa 1870, akawa mtu mweusi wa kwanza kukaa humo. Mwaka huo huo Joseph Rainey wa South Carolina aliingia katika Baraza la Wawakilishi. Robert Smalls, aliyekuwa mtumwa na baharia wa Charleston, alikuwa ameiiba usiku meli ya vita ya kusini mwaka wa 1862, akaipitisha mbele ya mizinga ya ngome akiwa na jamaa yake ndani, akaikabidhi kwa majeshi ya kaskazini. Mwaka wa 1868 huyu Smalls aliketi katika mkutano wa kutunga katiba ya South Carolina, ambako wajumbe walio wengi walikuwa watu weusi, akadai shule za serikali kwa watoto wote. Katiba hiyo iliagiza shule ziwe wazi kwa kila mtoto, bila ya kutazama rangi. Watoto wa Wazungu maskini, ambao zamani hawakuwa na shule, nao wakafaidika.

Haikosi kusemwa kwamba katika baadhi ya serikali hizo zilikuwako rushwa na madeni, kama ilivyokuwa katika miji mikubwa ya kaskazini wakati ule ule. Tena benki ya akiba iliyofunguliwa mwaka wa 1865 kwa ajili ya watu walioachwa huru iliendeshwa vibaya na wakuu wake, ikaanguka mwaka wa 1874. Watu zaidi ya 60,000 walikuwa wameweka humo fedha zao, na wengi hawakurudishiwa zote.

MLINZI AONDOKA

Walioshindwa vitani hawakukubali wote hali hiyo mpya. Huko Tennessee, katika mji wa Pulaski, kilianzishwa baada ya vita chama cha siri kiitwacho Ku Klux Klan. Watu wake walijifunika nyuso, wakatoka usiku kuwapiga na kuwaua walimu, wapiga kura na viongozi weusi, pamoja na Wazungu waliowasaidia. Grant, aliyekuwa Rais tangu 1869, alipewa sheria kali na Kongresi, akapeleka askari South Carolina mwaka wa 1871. Mamia wakakamatwa, na chama hicho kikavunjika kwa muda. Ilithibitika hapo kwamba sheria ikiwa na mlinzi hutiiwa.

Lakini mlinzi alianza kuchoka. Tarehe 13 Aprili 1873, siku ya Pasaka, katika mji mdogo wa Colfax, Louisiana, watu weusi waliokuwa wakiilinda nyumba ya mahakama baada ya uchaguzi wenye ubishi walishambuliwa na kundi la Wazungu wenye silaha. Nyumba ikachomwa moto, na wengi waliuawa baada ya kujisalimisha. Hesabu yao yatajwa kuwa baina ya 60 na 150. Watu watatu walihukumiwa, lakini mwaka wa 1876 Mahakama Kuu ya nchi ilitangua hukumu zao, ikisema kwamba Nyongeza ya 14 huyazuia majimbo, haiwazuii watu binafsi. Basi mwenye kudhulumiwa na jirani yake akaambiwa aende kwa jimbo. Na jimbo likawa mikononi mwa marafiki wa jirani huyo.

Mwaka wa 1873 biashara ilianguka, na watu wa kaskazini wakaanza kuhangaikia kazi na mikate yao. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka wa 1876 matokeo ya majimbo matatu ya kusini yalibishaniwa. Baada ya mapatano, Rutherford B. Hayes alipewa urais, na katika mwezi wa Aprili 1877 askari walioilinda serikali ya South Carolina na ya Louisiana waliondolewa. Serikali hizo zikaanguka mara.

Haki hazikufutwa siku moja. Mwaka wa 1890 Mississippi ilitunga katiba mpya yenye kodi ya kupigia kura na mtihani wa kusoma na kueleza sheria. Neno la rangi halikuandikwa humo, lakini mwenye kusahihisha mtihani alijua amwangushe nani. Majimbo mengine yakafuata. Katika Louisiana wapiga kura weusi walioandikishwa walikuwa 130,334 mwaka wa 1896. Mwaka wa 1904 walibaki 1,342. Na katika mwaka huo wa 1896 Mahakama Kuu iliruhusu watu watengwe kwa rangi katika magari ya reli, mradi wapewe mahali pasemwapo kuwa ni sawa.

MANENO YALIYOLALA

Kwa miaka mingi vitabu vya shule za Marekani vilifundisha kwamba Ujenzi Mpya ulishindwa kwa kuwa watu weusi hawakuweza kutawala. Mwaka wa 1935 mwanachuoni W. E. B. Du Bois alitoa kitabu kikubwa cha kupinga mafundisho hayo, akionyesha shule zilizojengwa na sheria zilizotungwa. Leo wengi wa wenye kuandika historia wakubali kwamba kazi hiyo haikuanguka yenyewe, bali iliangushwa.

Hata hivyo Nyongeza zile tatu hazikufutwa katika Katiba. Zililala, zikingoja mtu wa kuziamsha. Mwaka wa 1954 wakili Thurgood Marshall, ambaye babu zake walikuwa watumwa, alishinda mbele ya Mahakama Kuu kwa kutumia maneno ya Nyongeza ya 14, na kutenga watoto kwa rangi katika shule za serikali kukakatazwa. Baada ya maandamano mengi, na watu wengi kufungwa na wengine kuuawa, Kongresi ilipitisha Sheria ya Haki za Raia mwaka wa 1964 na Sheria ya Kura mwaka wa 1965. Ilikuwa miaka mia moja kamili tangu vita kwisha.

Marshall huyo huyo alikwenda London mwaka wa 1960, akawa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika wa Kenya katika mkutano wa Lancaster House. Huko aliandika rasimu ya haki za raia, akitaka zilindwe na mahakama kwa watu wote, walio wengi na walio wachache. Alijua kwa historia ya kwao kwamba haki isiyokuwa na mlinzi huweza kuchukuliwa na mwenye nguvu, huku karatasi yake ikibaki salama sandukuni.

Mafundisho ya habari hizi ni matatu. Kwanza, aliyeachwa huru bila ya ardhi wala akiba hurudi upesi chini ya mkono wa aliyekuwa bwana wake. Pili, amani inayopatikana kwa kuwasahau waliodhulumiwa huwa ni deni wanaloachiwa wajukuu. Tatu, sheria njema haifi kwa kupuuzwa. Ikiwa imeandikwa vema, atakuja wa kuisoma tena kwa sauti.

MASWALI YA KUJIFUNZIA

1. Kwa nini tangazo la mwaka wa 1863 halikuwafikia watumwa wa Texas mpaka mwaka wa 1865?
2. Mchungaji Garrison Frazier alieleza uhuru kuwa ni kitu gani? Linganisha jibu lake na waraka wa watu wa Edisto.
3. Eleza jinsi deni la dukani lilivyomfunga mlimaji asiye na ardhi.
4. Nyongeza za 13, 14 na 15 za Katiba zasema nini? Ni ipi iliyotumiwa na Thurgood Marshall mwaka wa 1954?
5. Sheria ya kura iliwezaje kuwanyima watu weusi haki yao bila ya kutaja rangi?